Kujiandaa na mtihani wa CWNA: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa fundi anayejua kupanda mnara, kufunga redio na kuielekeza, na sasa anataka cheti cha mitandao isiyotumia waya. Mwanafunzi wa chuo ambaye bado hajafunga hata AP moja, yaani kifaa kinachorusha Wi-Fi, naye atapata chake, ila itabidi atembee kidogo zaidi.

CWNA ni cheti gani?

Ni cheti cha msimamizi wa mitandao ya Wi-Fi, kinachotolewa na CWNP, kampuni ya Marekani. CWNP haiuzi ruta wala antena, na hilo ndilo linaloupa mtihani wake sura yake. Hutaulizwa ubonyeze wapi kwenye menyu ya kampuni fulani. Utaulizwa kwa nini mawimbi yanafanya yanavyofanya, vifaa viwili vinaelewanaje hewani, na tatizo fulani linatokana na nini.

Toleo linalozungumziwa hapa ni CWNA-109, lililoanza 2023. Lina maswali 60 ya kuchagua jibu, mengine yakitaka majibu zaidi ya moja, na unapewa dakika 90. Alama ya kufaulu ni asilimia 70. Anayetaka kufundisha kozi zao anadaiwa 80. Cheti kinadumu miaka 3. Namba ya toleo hubadilika kila baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo kabla hujanunua kitabu cha mkono wa pili, soma jalada lake kwanza.

Mimi nafunga redio kila wiki. Si naweza kwenda tu nikafanya?

Unaweza kwenda. Kurudi na cheti ni habari nyingine.

Kazi ya mtaani inakufundisha dalili. Mteja analalamika intaneti inakatika jioni, unabadilisha chaneli, inatulia, unalipwa, unaondoka. Mtihani unataka kujua kilichotokea: je, AP ya jirani ilikuwa kwenye chaneli hiyohiyo mkawa mnasubiriana zamu? Au ilikuwa kwenye chaneli ya 3, ikawa inakuvurugia bila kusubiri, kwa kuwa fremu zake, yaani vifurushi vidogo vinavyorushwa hewani, hazisomeki vizuri kwenye chaneli yako? Haya ni matatizo mawili tofauti ingawa mteja anaona jambo moja, na majibu ya kuchagua yatawekwa yote mawili, yamekaa pamoja, yanakutazama.

Uzoefu wako utakubeba kwenye maswali ya antena, umeme unaopita kwenye kebo ya mtandao, na usakinishaji. Utakuangusha pale ulipozoea kusema "ongeza pawa". Kuongeza nguvu za AP bila kufikiria nguvu za simu ya mteja ni kosa ambalo watunga mitihani wanalipenda. AP inasikika hadi barabarani, lakini simu, yenye redio ndogo, haiwezi kujibu kwa umbali huo. Mteja anaona mistari yote imejaa na ukurasa haufunguki.

CCNA kwanza au CWNA kwanza? Na MTCWE je?

CWNA haidai cheti kingine kabla yake. Lakini kama hujui VLAN ni nini, DHCP inafanya kazi gani na swichi inatofautianaje na ruta, soma hayo kwanza, hata kama hutafanya mtihani wa CCNA wenyewe, yaani cheti cha mitandao cha Cisco. Cisco walikuwa na CCNA ya Wi-Fi peke yake, wakaifuta Februari 2020. CCNA ya sasa inagusa Wi-Fi juujuu tu.

MTCWE ni cheti cha Wi-Fi cha watengeneza ruta MikroTik, na inataka uwe na MTCNA, cheti chao cha msingi. Kwa anayefanya kazi kwenye kampuni ndogo za kusambaza intaneti zinazotumia MikroTik, hiyo inaweza kumlipa haraka zaidi, na sioni aibu kulisema hilo kwenye ukurasa wa CWNA. CWNA inamfaa zaidi anayelenga hoteli, hospitali, vyuo, mabenki na viwanja vya ndege, mahali ambapo AP ni nyingi ndani ya jengo moja na leo vifaa ni vya kampuni hii, kesho ya ile.

Hesabu za desibeli zinanitisha. Naweza kuziruka?

Hapana. Na ukizielewa utagundua kwamba ndizo alama rahisi kuliko zote, kwa sababu jibu la hesabu halina ubishi.

Mambo ya kushika ni machache. 0 dBm ni miliwati 1. Ukiongeza 3 dB, nguvu zinakuwa mara mbili. Ukipunguza 3, zinabaki nusu. Ukiongeza 10 dB, zinakuwa mara kumi. Ukipunguza 10, inabaki sehemu ya kumi. Basi. Kwa 3 na 10 unaweza kufika karibu popote bila logi.

Tuchukue mfano. Redio inatoa miliwati 100. Kebo na viunganishi vinakula 3 dB. Antena ni ya 14 dBi. Nguvu zinazotoka kwenye antena kuelekea mbele, yaani EIRP, ni kiasi gani?

Miliwati 100 ni 20 dBm, kwa kuwa kutoka 1 hadi 100 umezidisha kwa kumi mara mbili. Toa 3, unabaki na 17. Ongeza 14, unapata 31 dBm. Wakitaka jibu kwa wati, tafuta njia ya kufika 31 kwa kutumia 3 na 10 pekee: 40 ukitoa 9. 40 dBm ni wati 10. Kutoa 9 ni kugawa kwa mbili mara tatu: 5, halafu 2.5, halafu 1.25. Jibu ni wati 1.25, kwa ukadiriaji unaotosha mtihani.

Tuendelee na mfano huohuo. Kwenye 2.4 GHz, umbali wa kilomita 1 katika anga tupu unapoteza takriban 100 dB. Upande wa pili kuna antena nyingine ya 14 dBi. 31 ukitoa 100 ukiongeza 14 unapata hasi 55 dBm. Sasa mteja amehamia kilomita 2. Huhitaji fomula: umbali ukiongezeka mara mbili, unapoteza 6 dB zaidi. Utapokea hasi 61. Kama kelele za hewani pale ziko hasi 95, tofauti ya signali na kelele ni 34 dB, na kiungo hicho kiko vizuri.

Usichanganye dBm na dB. dBm ni kiasi halisi cha nguvu. dB ni tofauti kati ya viasi viwili. Na dBi inapima antena kwa kuilinganisha na antena ya kinadharia inayomwaga mawimbi pande zote sawasawa. Wakikupa dBd, inayolinganisha na antena ya dipole, ongeza 2.14 upate dBi. Hilo litaulizwa.

Naona mnara kwa macho kabisa, kwa nini kiungo ni kibovu?

Swali hili ni la mtaani, lakini limo kwenye mtihani kwa jina la eneo la Fresnel. Mawimbi hayasafiri kama uzi. Yanajaza umbo lililonenepa katikati na kuchongoka ncha zote mbili. Kwa kiungo cha kilomita 5 kwenye 2.4 GHz, nusu kipenyo cha umbo hilo katikati ya njia ni kama mita 12.5, na asilimia 60 yake inatakiwa iwe wazi. Kwa hiyo chini ya mstari wa macho unahitaji mita 7.5 zisizo na kitu. Miti iliyo mita 4 chini ya mstari huo haikuzuii kuona mnara, ila inakula mawimbi. Kiungo kilichofungwa kiangazi, miti ikiwa imepukutika, kinaanza kusumbua majani yakirudi na mvua, na fundi anabadilisha redio bure.

Ukubwa wa umbo hilo unategemea umbali na masafa tu. Kubadilisha antena iwe nyembamba zaidi hakulipunguzi, na jibu hilo la uongo huwekwa makusudi.

Nikariri miaka na majina yote ya 802.11?

Mtiririko wake ndio wa kushika zaidi ya tarehe. 802.11 ni familia ya viwango vya Wi-Fi, na cha kwanza kilitoka 1997. 802.11b na 802.11a zote ni za 1999, moja kwenye 2.4 GHz na nyingine kwenye 5 GHz. 802.11g ikaja 2003, 802.11n 2009, 802.11ac 2013, na 802.11ax ikapitishwa 2021. Majina ya Wi-Fi 4, 5 na 6 ni ya Wi-Fi Alliance, umoja wa kampuni za Wi-Fi, waliyatangaza 2018 ili mnunuzi dukani asihangaike na herufi.

Kumbuka mgawanyo wa kazi: IEEE, chama cha wahandisi, inaandika kiwango, Wi-Fi Alliance inapima vifaa na kuvipa alama, na mamlaka ya mawasiliano ya kila nchi inasema masafa gani yatumike na kwa nguvu kiasi gani. Swali la nani anafanya nini ni la bure kabisa, usilipoteze.

Kwa kila kiwango jua kilileta nini kipya. 802.11n ilileta matumizi ya antena nyingi kwa pamoja, na kuunganisha chaneli mbili kuwa moja ya 40 MHz. 802.11ac inafanya kazi kwenye 5 GHz pekee. Ukiona jibu linaloiweka kwenye 2.4, lipite. 802.11ax ilileta OFDMA, yaani chaneli moja kugawanywa vipande na kuhudumia vifaa kadhaa kwa wakati mmoja.

Kanuni za masafa wanazouliza ni za Marekani au za kwetu?

Mifano mingi utakayoikuta ni ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani. Huko 2.4 GHz hutumika chaneli 1 hadi 11. Tanzania, Kenya na sehemu kubwa ya dunia tunakwenda hadi 13. Vyovyote vile, 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana, na katikati yake ni 2412, 2437 na 2462 MHz. Anayejua tofauti kati ya chaneli moja na inayofuata ni 5 MHz tu, huku mawimbi yenyewe yakitaka kama 20, hahitaji kukariri kwa nini.

Kwenye 5 GHz, fahamu vizuri chaneli zinazoshirikiwa na rada. AP lazima isikilize kwanza, kwa kawaida sekunde 60, kabla ya kuanza kutuma, na ikisikia rada inahama. Wateja wa karibu na uwanja wa ndege au bandari wanaolalamika kwamba mtandao "unapotea dakika moja halafu unarudi" wanaeleza jambo hilo bila kujua. Kwenye 6 GHz, FCC ilifungua 1200 MHz mwaka 2020. Ulaya walifungua sehemu ya chini tu. Hapa nyumbani, kabla ya kufunga chochote cha 6 GHz, msikilize TCRA ya Tanzania au Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, si kitabu cha mtihani.

Sina maabara. Nitajifunzaje fremu?

Hapa ndipo wengi wanaposoma kwa kukariri, na ndipo inapoonekana. Fremu ziko aina tatu: za usimamizi, za udhibiti na za data. Jedwali hilo unaweza kulimeza usiku mmoja na kulisahau asubuhi. Lakini ukizinasa mwenyewe mara moja, hazikutoki.

Unahitaji Wireshark, programu ya kunasa na kusoma fremu, ambayo ni ya bure, na kadi ya Wi-Fi inayoweza kusikiliza kila kitu hewani bila kuunganishwa popote. Laptopu ya Mac inayo tayari: shikilia kitufe cha Option, bonyeza alama ya Wi-Fi, ingia kwenye uchunguzi wa mtandao na uanze kunasa. Kwa Linux, tafuta adapta ya USB ambayo watu wameshathibitisha inakubali hali hiyo. Muulize muuzaji chipu yake ni ipi, usimuulize kama ni nzuri. Windows itakusumbua, usipoteze wikiendi nayo. Nasa ruta yako mwenyewe, sio ya jirani.

Sasa zima Wi-Fi kwenye simu yako, anza kunasa, iwashe. Utaona simu ikiuliza nani yupo, na AP ikijibu. Kisha fremu za uthibitishaji, kisha za kujiunga, kisha jumbe nne za kubadilishana funguo. Andika eapol kwenye kichujio utaziona peke yake. Kwenye WPA2, mfumo wa ulinzi wa Wi-Fi uliotangulia WPA3, ule uthibitishaji wa mwanzo ni wa jina tu, haukagui nywila yoyote. Nywila inapimwa kwenye jumbe nne zinazofuata. Kwenye WPA3 mambo yanahamia mbele: mazungumzo ya SAE, njia yake ya kupima nywila, yanafanyika ndani ya fremu zilezile za uthibitishaji, kabla ya kujiunga. Rudia zoezi ukiwa umeweka nywila ya uongo, mara moja kwa WPA2 na mara moja kwa WPA3, uone kila moja inakwamia wapi. Aliyeliona hilo kwa macho hahitaji jedwali.

Ukiwa hapo, chuja kwa wlan.fc.type_subtype == 8. Hizo ni bikoni, yaani matangazo ya AP kwamba ipo. AP inazituma takriban kila milisekunde 102.4, yaani kama kumi kwa sekunde, kwa kila jina la mtandao ililobeba, na kwa kasi ya chini kabisa iliyoruhusiwa. Hoteli yenye majina manane ya mtandao kwenye kila AP, moja la wageni, moja la mgahawa, moja la uhasibu, moja la kamera na mengine ambayo hakuna anayekumbuka yaliwekwa na nani, inachoma muda mwingi wa hewani kabla mgeni hajafungua hata barua pepe moja. Ukiulizwa tatizo ni nini, utalijua.

Sehemu ya usalama ni ngumu?

Si ngumu kwa anayefuata historia yake. WEP, ulinzi wa kwanza wa Wi-Fi, ilivunjika. WPA ilikuja 2003 kuziba pengo, WPA2 ikaja 2004 na usimbaji wa AES, WPA3 ikatangazwa 2018. Kuficha jina la mtandao na kuchuja anwani za MAC si ulinzi. Ukiona jibu linalosema ni ulinzi, ruka. Elewa tofauti ya nywila moja ya wote na 802.1X, ambapo kila mtumiaji anathibitishwa kivyake na seva ya RADIUS, na ukumbuke kwamba kwenye 6 GHz hakuna WPA2.

Kiingereza changu ni cha kawaida. Nitaweza?

Mtihani ni wa Kiingereza, na ugumu wake uko kwenye maneno madogo. Swali linaweza kuuliza lipi *si* kweli, au lipi ni *bora zaidi* wakati majibu mawili yote ni sahihi. Fanya mazoezi ya maswali kwa Kiingereza, lakini jieleze mada kwa Kiswahili. Ukiweza kumweleza mwenzako kwa Kiswahili kwa nini simu ndiyo inayoamua kuhama AP na si AP inayoamua, umeelewa. Ukibaki kutaja istilahi tu, bado.

Kuna mtu anauza maswali halisi ya mtihani kwenye Telegram. Ninunue?

Usinunue. Kabla ya kuanza mtihani unakubali masharti yanayokataza jambo hilo, na cheti kinaweza kufutwa. Isitoshe, mengi ya maswali hayo yamewekewa majibu na mtu asiyejua. Ukiyachambua kwa hesabu za hapo juu utaona mwenyewe. Orodha rasmi ya mada iko bure kwenye tovuti ya CWNP. Ichapishe, na kila mada unayoweza kuieleza bila kitabu, ikate.

Nisome kwa muda gani?

Fundi wa kila siku anayesoma saa moja au mbili jioni ajipe miezi miwili hadi mitatu. Anayeanza kabisa, mara mbili ya hapo. Usianze na usalama kwa sababu unavutia. Anza na mawimbi na desibeli, nenda kwenye fremu na namna vifaa vinavyopeana zamu, halafu mengine yatajipanga.

Nalipaje, na naufanyia wapi?

Mtihani unasimamiwa na Pearson VUE, kampuni ya kusimamia mitihani. Vocha unainunua CWNP kwa kadi. Kadi pepe za M-Pesa huwasaidia wasio na kadi ya benki, ila hakikisha kikomo cha muamala kinatosha. Soma pia vocha inaisha lini kabla hujapanga tarehe.

Vituo vipo miji mikubwa kama Dar es Salaam na Nairobi, na kuna njia ya kuufanyia nyumbani ukitazamwa kwa kamera. Mimi nashauri kituo, kwa anayeweza kufika. Nyumbani unatakiwa uwe peke yako chumbani, meza tupu, simu mbali, bila mtu kuingia na bila wewe kusoma swali kwa sauti. Mtoto akifungua mlango kuomba maji, mtihani unaweza kusimamishwa hapo. Umeme nao hautakuuliza. Ukilazimika, chaji laptopu hadi mwisho, ruta iwe na betri ya akiba, fanya jaribio la mfumo siku moja kabla kwa mashine na mtandao uleule, na mtihani wa Wi-Fi uufanye kwa kebo.

Jina langu lina shida yoyote?

Linaweza kuwa nayo. Jina kwenye akaunti ya Pearson VUE lilingane na la kitambulisho utakachoonyesha. Wengi wetu tuna majina matatu kwenye kitambulisho cha taifa, mawili kwenye barua pepe, na pasipoti imepangwa kivyake. Chagua kitambulisho kwanza, kisha nakili jina kama lilivyo, herufi kwa herufi. Ukigundua kosa baada ya kujisajili, wasiliana nao mapema. Mlangoni hawana huruma, na pesa huwa imeshaliwa.

Siku yenyewe nifanye nini?

Kituoni unapewa ubao mdogo wa kufuta. Nyumbani unapewa ubao wa kwenye skrini, ambao kuandikia kwa kipanya ni adhabu, hivyo ujaribu kabla. Saa ikianza, andika ngazi ya dBm: 0 ni 1, 10 ni 10, 20 ni 100, 30 ni 1000. Una dakika moja na nusu kwa swali. Swali linalokukwamisha liwekee alama, songa mbele, urudi.

Nikifaulu, kinachofuata ni nini?

Kuna vyeti vitatu vya juu yake: CWSP cha usalama, CWAP cha uchambuzi wa fremu na CWDP cha usanifu. Kupata kimojawapo kati yake CWNA ikiwa bado hai kunaihuisha, kwa hiyo badala ya kurudia mtihani uleule baada ya miaka 3, panda ngazi. Aliyependa zoezi la Wireshark aende CWAP. Wa mahoteli na maghala, CWDP. Juu kabisa kuna CWNE, ambayo haina mtihani wake: unatakiwa kuwa na vyeti vyote hivyo, miaka 3 ya kazi ya Wi-Fi, watu wa kukudhamini, na insha kuhusu miradi uliyoifanya. Kwa hiyo kila mradi unaoufunga tangu leo, hifadhi ramani, vipimo vya kabla na vya baada, na picha.